Programu Unganishi na Amana ya Matini: Rai kwa Idara za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Idara nyingi za Kiswahili siku hizi hutunza sehemu kubwa ya mali yao ya kitaaluma mahali pasipoonekana kwa macho. Rekodi za lahaja, picha za miswada ya tenzi, orodha za msamiati zilizokusanywa vijijini, na matini zilizokwisha kutiwa alama za kisarufi, zote hukaa katika seva iliyofungiwa katika chumba cha kituo cha kompyuta, au katika seva ya kukodi iliyo ng'ambo. Mhadhiri au mwanafunzi wa uzamili anayezihitaji haendi kuketi mbele ya mashine hiyo. Huifikia kwa mbali, kwa programu iliyomo katika kompyuta yake mwenyewe, ambayo hufungua kidirisha cheusi, humtambulisha kwa seva, kisha humwachia aandike amri zake.

Programu hiyo aghalabu huchaguliwa bila kufikiriwa. Mwanafunzi mmoja hupewa na mwenzake katika flashi, mwingine huiokota mtandaoni, wa tatu huvutiwa na rangi zake. Rai inayotetewa hapa ni kwamba uteuzi huu wapaswa kuwa uamuzi wa idara, na kwamba maswali mawili yatangulie mengine yote: ufunguo wa mtumiaji unakaa wapi, na programu inamwambia nini mtumiaji wakati wa hatari. Swali la kwanza huachiwa mafundi. La pili ni swali la lugha, na ni ajabu kwamba wanalugha hawajalidai kuwa lao.

Kabla ya kuendelea yafaa kutatua suala la istilahi. Katika taaluma ya kompyuta programu inayoomba huduma hupewa jina la mteja, na ile inayotoa huduma ndiyo seva. Tafsiri sisisi ya jina hilo ina matatizo. Mteja katika Kiswahili ni mtu, tena mtu mwenye haki ya kubembelezwa na muuza duka. Kiambishi cha ngeli ya watu kikiondolewa hubaki "teja", neno ambalo mitaani Dar es Salaam na Mombasa ni jina la mtu aliyetawaliwa na dawa za kulevya; hakuna mhadhiri atakayeliandika ubaoni akabaki na darasa tulivu. "Kiunganishi" nacho kimekwisha kutwaliwa na sarufi. Kwa hiyo hapa itatumika "programu unganishi", mpaka atakapotokea mwenye neno bora zaidi.

2.0 Chimbuko la itifaki

Zamani watu waliziingia seva kwa itifaki ya Telnet, ambayo ilipeleka kila kitu wazi, nywila ikiwemo. Yeyote aliyeweza kuutega mtandao njiani aliweza kuisoma. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, aliandika itifaki mpya baada ya nywila za watumiaji kuibwa kwa njia hiyo katika mtandao wa chuo chake. Itifaki hiyo ni SSH, ambayo husimba mawasiliano yote kati ya pande mbili. Mwaka huohuo ilianzishwa kampuni ya kuiuza, na leseni za matoleo yaliyofuata zikawa zinabana kadiri miaka ilivyopita. Mwaka 1999 wanaprogramu wa mradi wa OpenBSD walilirudia toleo la zamani lililokuwa bado huria, wakalisafisha na kuliendeleza kwa jina la OpenSSH. Hilo ndilo linalotumika leo katika sehemu kubwa ya seva duniani.

Wataalamu wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuikumbuka historia hiyo. Chuo cha Ylönen kilikuwa Otaniemi, katika mji wa Espoo, jirani na Helsinki. Katika mji huohuo wa Espoo ndiko kiliko kituo cha kompyuta cha CSC, ambacho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Helsinki kuihifadhi koposi ya Kiswahili inayotokana na kazi ya Arvi Hurskainen na wenzake, moja ya hazina kubwa kabisa za matini za lugha hii zilizotiwa alama za kisarufi. Mlango na nyumba vimetoka mtaa mmoja, kwa bahati tu. Lakini funzo la mwaka 1999 si la bahati. Kilichobaki mikononi mwa watumiaji ni kile ambacho leseni yake iliwaruhusu kukichukua na kukiendeleza. Na idara isiyokuwa na fungu la kudumu la kununulia programu haina budi kuliweka hilo mbele.

3.0 Ufunguo unakaa wapi?

Mtu huweza kujitambulisha kwa seva kwa nywila au kwa jozi ya funguo. Ufunguo wa umma huwekwa katika seva. Ufunguo wa siri hubaki kwa mwenyewe. Programu unganishi hutia saini kwa ufunguo wa siri, seva huihakiki saini kwa ufunguo wa umma, na siri yenyewe haisafiri. Njia hii ni bora kuliko nywila, ambayo mwanafunzi huitumia hiyohiyo kwa barua pepe, kwa benki na kwa seva ya idara. Hata hivyo, ubora wake wote hutegemea uaminifu wa programu inayotia saini.

Mfano mzuri ni PuTTY, programu ya Simon Tatham na wenzake wa Uingereza, ambayo kwa zaidi ya miaka 20 imekuwa mlango wa watumiaji wa Windows. Ni ndogo, ni ya bure, ni huria, na msimbo wake umo wazi kwa yeyote atakaye kuusoma. Mnamo Aprili 2024 Fabian Bäumer na Marcus Brinkmann wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walibainisha kasoro katika matoleo yake ya 0.68 hadi 0.80. Kasoro ilihusu aina moja tu ya ufunguo, ile ya NIST P-521. Kila saini ya aina hiyo huhitaji namba ya siri isiyotabirika ya biti 521. PuTTY ilikuwa ikiipata kwa hesabu itoayo biti 512 tu, kwa hiyo biti 9 za mwanzo zilikuwa sifuri daima. Biti 9 zaonekana chache mno. Lakini saini zipatazo 60 zilimtosha mjuzi kuukokotoa ufunguo wa siri mzima. Mwenye seva yoyote ambayo mtumiaji aliiingia mara kwa mara aliweza kuzikusanya saini hizo bila kumgusa.

Toleo la 0.81 liliiondoa kasoro. Ila kusasisha programu hakukuuponya ufunguo uliokwisha kutumika: ulipaswa kufutwa katika kila seva na kutengenezwa mwingine. Hapo ndipo ile nakala iliyotolewa katika flashi inapoonyesha madhara yake. Nakala hiyo haina mtu wa kuiambia kwamba imezeeka. Huendelea kufanya kazi, huendelea kupendwa, na hukabidhiwa kundi la wanafunzi la mwaka unaofuata.

Kuna wanaolitaja tukio hili kama hoja ya kuiacha PuTTY na kuhamia programu za kampuni. Hoja hiyo imegeuzwa kichwa chini. Kasoro ilibainishwa na wageni, na ilitangazwa na wenye programu wenyewe, kwa maelezo kamili ya kosa lilivyofanyika. Programu ambayo msimbo wake umefungwa yaweza kuwa na kosa kubwa zaidi lisilotangazwa na mtu yeyote. Ukimya wake si cheti cha afya.

Lililo zito zaidi ni programu za kisasa zinazomwekea mtumiaji orodha ya seva zake, pamoja na funguo au nywila, katika hifadhi ya kampuni, ili azikute katika kompyuta, katika simu na popote aendapo. Termius ni mmojawapo wa mifano inayojulikana. Urahisi wake ni wa kweli, na watengenezaji husema kwamba hifadhi hizo husimbwa kabla ya kutoka katika kifaa cha mtumiaji. Tuchukulie kwamba wasemayo ni kweli tupu. Bado idara inakuwa imeufanya mlango wa maktaba yake utegemee akaunti ya mtu binafsi katika kampuni ya mbali, malipo ya mwezi yanayotoka mfukoni mwa mwanafunzi, na uamuzi wa kibiashara ambao hakuna mkuu wa idara atakayeulizwa juu yake. Mtu aweza kuikubali hali hiyo kwa seva ya duka lake. Rekodi za wazee waliohojiwa, ambao wengine wamekwisha kufariki na wengine walizungumza kwa ahadi kwamba majina yao yatasitiriwa, ni amana ya namna nyingine.

Kwa sababu hizo chaguo la kwanza liwe OpenSSH yenyewe, ambayo watu wengi wanayo bila kujua. Imo katika Linux na katika kompyuta za Apple, na tangu mwaka 2018 imo katika Windows 10 na matoleo yaliyofuata. Haidai kupakuliwa popote, jambo ambalo lina uzito wake: mwaka 2015 kampuni ya Symantec ilionya kuhusu nakala bandia ya PuTTY iliyokuwa ikiiba maelezo ya kuingilia ya watumiaji walioipakua kutoka tovuti isiyo yake. Programu iliyokuja na mfumo husahihishwa pamoja na mfumo. Ufunguo uwe wa aina ya Ed25519, ambao OpenSSH imeutambua tangu toleo la 6.5 la mwaka 2014. Ni mfupi kiasi cha kuweza kuandikwa katika mstari mmoja, na hauna ile haja ya namba ya nasibu kwa kila saini iliyowaponza watumiaji wa P-521. Tena ulindwe kwa kaulisiri, ili kompyuta ikiibwa katika daladala mwizi asipate na seva. Anayependelea PuTTY na aendelee nayo, mradi awe na toleo jipya na ajue amelitoa wapi.

4.0 Lugha ya onyo

Mtu anapoiingia seva kwa mara ya kwanza, programu unganishi humwonyesha alama ya kidole ya seva hiyo, yaani mfuatano wa herufi na namba unaoutambulisha ufunguo wake, na kumwambia kwamba haina njia ya kuthibitisha kuwa seva hii ndiyo aliyoitaka. Kisha humwuliza kama aendelee. Swali hili ndilo kiini cha usalama wote wa itifaki. Akikubali bila kulinganisha alama na ile aliyopewa na msimamizi, basi kama kuna mtu amejipenyeza kati yake na seva, amemkaribisha kwa mikono miwili.

Swali hilo huulizwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kifundi. OpenSSH haina tafsiri ya ujumbe wake kwa lugha yoyote. Mwanafunzi aliyesoma isimu kwa Kiswahili, na ambaye Kiingereza chake ni cha kusomea makala za fonolojia, hukutana na aya ya istilahi asizowahi kuziona, akaambiwa na mwenzake, "Andika kwamba unakubali, utaingia." Kuanzia siku hiyo aya ile huwa kwake kama kelele za mlango. Siku ufunguo wa seva utakapobadilika kweli, programu itapaza sauti kwa herufi kubwa na kukataa kuendelea, naye atatafuta mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuufuta mstari unaoleta usumbufu. Onyo litakuwa limetolewa na halitakuwa limesikika. Wanapragmatiki wana mengi ya kusema juu ya tendo-uneni la namna hiyo.

Hapa pana jambo linaloonekana kama kinaya. Programu zenye sura nzuri hulainisha swali hili. PuTTY huweka kisanduku chenye vitufe, na mbofyo mmoja hutosha. OpenSSH hudai neno zima la kukubali liandikwe, na herufi yake ya kwanza peke yake haikubaliwi. Na katika matoleo ya karibuni mtumiaji aweza kuibandika pale pale alama ya kidole aliyopewa, programu ikamlinganishia yenyewe. Yule anayeonekana mkali ndiye anayempa mtumiaji nafasi ya kufikiri, na ndiye anayemsaidia hasa, kwa kuwa hakuna binadamu alinganishaye herufi 43 kwa macho bila kuchoka.

Suluhisho la jambo hili halimo katika programu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba kiolesura cha Kiswahili kinawezekana na kwamba istilahi hupatikana zikitafutwa. Kwa programu unganishi hata kazi kubwa kiasi hicho haihitajiki. Karatasi moja inatosha: alama ya kidole ya seva ya idara, tafsiri ya Kiswahili ya maonyo mawili ambayo mwanafunzi atakutana nayo, na maelezo ya nini cha kufanya kwa kila moja. Ibandikwe katika ubao wa matangazo, mahali ambapo mtu wa mbali hawezi kuibadilisha. Kazi ya kuitafsiri yafaa kupewa wanafunzi wa tafsiri kama zoezi, na itawatoa jasho zaidi ya hotuba za kisiasa wanazozoea kupewa.

5.0 Ritifaa, toni na hati za Kiarabu

Vigezo vya uteuzi vinavyoandikwa na mafundi havisemi lolote juu ya tahajia, ilhali kwa mtu wa lugha ndiko kuliko na adha za kila siku. Mtafiti ana faili liitwalo ng'ombe.txt. Anaandika amri ya kulifungua, na seva inanyamaza. Katika lugha ya amri ritifaa ni alama ya kufungua nukuu, na seva inangoja nukuu ifungwe. Mtafiti hudhani mtandao umekatika. Akijua kosa lake huliweka jina zima katika nukuu pacha, na faili likafunguka.

Kulihamisha faili hilohilo kutoka seva kwa amri ya scp kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa mtindo wa zamani ulilituma jina likafasiriwe tena na seva, hivyo nukuu zilipaswa kuwekwa mara mbili, moja ndani ya nyingine. OpenSSH 9.0, iliyotoka Aprili 2022, iliuacha mtindo huo na kuifanya scp itumie itifaki ya SFTP, ambayo hulichukua jina kama lilivyo. Mabadiliko hayo yalitangazwa kwa sababu za kiufundi; hakuna aliyekuwa akiifikiria ng'ombe wala ng'ambo. Hata hivyo wenye lugha yenye ng' katika tahajia yake ni miongoni mwa walionufaika, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kulikataa toleo lolote la kabla ya hapo. Kwa asiyependa amri kabisa kuna WinSCP, programu huria ya Windows, ambayo huonyesha mafaili ya pande mbili katika kidirisha kimoja na kuruhusu yavutwe kwa kipanya.

Wanaoshughulika na lugha za Kibantu zenye toni wanafahamu kwamba irabu yenye alama yaweza kuandikwa kwa msimbo mmoja, au kwa misimbo miwili, irabu na alama yake. Kwa jicho ni ile ile. Kwa programu ya kutafuta ni maneno mawili tofauti. Programu unganishi haiwezi kulitibu hilo, lakini yaweza kulizidisha ikiwa haikuwekwa katika UTF-8. Na wanaosoma matini za Kiswahili kwa hati za Kiarabu watakuta kwamba vidirisha vingi vya amri hupanga herufi zao kinyume au huzikata kata. PuTTY, kwa haki yake, ina uwezo wa kuzipanga kutoka kulia na kuziunganisha. Njia iliyo salama zaidi ni kulileta faili nyumbani na kulisoma katika kihariri kinachozijua hati hizo, kuliko kuhariri utenzi kupitia kidirisha kisichozielewa.

6.0 Siku ya mtandao mbovu

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Waliokuwa wakifanya kazi katika seva za ng'ambo walitupwa nje katikati ya amri. Kwa hali kama hizo husifiwa Mosh, programu iliyotoka MIT, Marekani, mwaka 2012, ambayo hustahimili kukatika na kubadilika kwa mtandao na humwonyesha mtumiaji herufi alizoandika kabla seva haijajibu. Sifa zake ni za haki. Lakini haihamishi mafaili, huhitaji kusakinishwa pia upande wa seva, na hutumia milango ya UDP ambayo kuta za moto za vyuo vingi huifunga. Kwa idara nyingi tmux, inayofanya kazi ndani ya seva na kuiacha kazi iendelee hata mwenyewe akiwa ametoka, itafaa zaidi, na programu unganishi yoyote huenda nayo.

7.0 Daftari la funguo

Ufunguo wa umma huishia kwa maelezo mafupi ambayo programu huyaweka yenyewe, aghalabu jina la kompyuta, na ambayo mtu yuko huru kuyabadilisha. Idara chache huitumia nafasi hiyo. Mwanafunzi anapoandikishwa, ufunguo wake uingizwe katika seva ukiwa na jina lake kamili, shahada anayoisomea na mwaka anaotarajiwa kumaliza, mstari mmoja kwa mtu mmoja. Katika seva nyingi mstari husomeka tu kwamba mwenyewe ni "Administrator" wa "DESKTOP", na funguo za watu waliokwisha kuhitimu, kuhama au kuajiriwa kwingine huendelea kufungua mlango miaka mingi baada ya kadi zao za maktaba kurudishwa. Mkutubi huzidai kadi kabla cheti hakijatolewa. Fomu ile ile ya kuaga chuo, yenye nafasi za sahihi za mkutubi, mhasibu na mshauri wa wanafunzi, yaweza kuongezwa nafasi moja ya msimamizi wa seva, naye asitie sahihi mpaka mstari uwe umefutwa.